Jerikeni Moja ya Maji, na Umeme Uliomo Ndani Yake

Askari atokaye zamu alfajiri, akafungua bomba nyumbani kwake Naguru ili anawe uso, huyaona maji kuwa kitu kijacho chenyewe. Mke wake naye, ajazapo sufuria ya chai ya watoto kabla hawajakwenda shule, hufikiri juu ya bei ya mkaa, na wala si juu ya bei ya kuyapandisha yale maji. Kumbe mkaa na maji yote mawili ni habari moja: ni habari ya nishati. Jiji la Kampala limejengwa juu ya vilima, na maji yake yako chini, katika Ziwa Viktoria ambalo Waganda huliita Nalubaale. Maji kwa tabia yake hutafuta bonde. Ili yapande kilima hayana budi kusukumwa, na kinachoyasukuma ni umeme ununuliwao kwa fedha taslimu, kila saa, usiku na mchana.

Shirika la Taifa la Maji na Maji Machafu la Uganda liliundwa mwaka 1972, likikabidhiwa miji mitatu tu: Kampala, Jinja na Entebbe. Leo miji linayoihudumia imepita 250. Katika mashirika ya namna hii duniani kote gharama ya umeme ni miongoni mwa gharama kubwa kabisa, na aghalabu hushika nafasi ya pili baada ya mishahara. Ndiyo maana swali la jinsi shirika la maji linavyotumia umeme, na jinsi linavyoununua, halipasi kuachiwa wahandisi na wahasibu peke yao. Shilingi iliyoteketea katika pampu mbovu ni shilingi isiyolaza bomba jipya, na jamaa wakaao mwisho wa bomba, aghalabu katika nyumba za askari zilizo pembezoni mwa mji, ndio wa kwanza kuona kavu.

KUTOKA GGABA MPAKA MUYENGA

Safari ya maji mengi ya Kampala huanzia Ggaba, ukingoni mwa ziwa, ambako mitambo ya kwanza ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Mingine iliongezwa baadaye, na ule wa tatu ulianza kazi mwaka 2007. Hapo maji huvutwa kutoka ziwani, husafishwa, huchujwa, hutiwa klorini, kisha husukumwa mpaka kwenye matangi makubwa yaliyo juu ya kilima cha Muyenga. Kutoka Muyenga hayahitaji tena msaada mkubwa. Huteremka kwa uzito wake yenyewe mpaka majumbani, isipokuwa kwa zile sehemu za mji zilizo juu zaidi, ambazo huhitaji pampu nyingine tena.

Kilima hicho kinapita ziwa kwa zaidi ya mita 100. Sasa msomaji na afuate hesabu kidogo. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji, yaani jerikeni 50 za lita 20, kwa kimo cha mita 100, kungehitaji kama robo ya yuniti ya umeme endapo pampu na mota yake zingekuwa hazipotezi chochote. Hakuna mashine ya namna hiyo duniani. Pampu nzuri pamoja na mota nzuri hupoteza kama robo ya umeme zinaoupokea, au zaidi kidogo; kwa hiyo hesabu ya kweli hukaribia sehemu nne za kumi za yuniti. Ni umeme wa kuiwasha balbu ya wati 10 kwa muda wa saa 40. Kwa jerikeni 50 ni kitu kidogo. Lakini mtambo mpya wa Katosi, wilayani Mukono, uliofunguliwa mwaka 2021, uliundwa kutoa mita za ujazo 160,000 kila siku. Kila mita 100 za kupanda kwa kiasi hicho cha maji ni zaidi ya yuniti 60,000 za umeme kwa siku moja.

Walioubuni mpango wa Katosi hawakulisahau jambo hili. Maji ya huko husukumwa mara moja mpaka kwenye hifadhi iliyo juu ya kilima cha Nsumba, kisha huachwa yateremke yenyewe kwa mwendo mrefu kuelekea matangi ya Naguru. Wamekiacha kilima chenyewe kifanye kazi ya pampu. Uamuzi kama huo, ukifanywa kabla ya kulaza bomba la kwanza, huokoa umeme mwingi kuliko marekebisho yote yatakayofuata.

PAMPU CHAKAVU NI MLAJI

Pampu haifi ghafla kama balbu. Huzeeka polepole, na huzeeka ikifanya kazi, ndiyo sababu watu huidhania kuwa nzima. Mchanga mwembamba hulila gurudumu la mapanga lililo ndani. Pete zinazozuia maji yasirudi nyuma hupanuka. Maji yaliyokwisha kusukumwa huzunguka mle mle ndani na kusukumwa upya. Mlio wa mashine ni ule ule, tangi hujaa, mhudumu huandika katika kitabu chake kwamba hali ni shwari. Lakini pampu iliyokuwa ikitumia yuniti 1,200 kwa zamu ya saa sita, wakati ufanisi wake ulipokuwa asilimia 75, itadai yuniti 1,500 kwa kazi ile ile ufanisi ukishuka kufika asilimia 60. Yuniti 300 zimeliwa, na hakuna aliyeziona.

Dawa yake ni kupima. Pampu iwe na mita yake ya maji na mita yake ya umeme, na kila wiki mtu agawanye hesabu moja kwa nyingine: yuniti ngapi zimetumika kwa mita moja ya ujazo. Namba hiyo ikianza kupanda, wakati wa kuifungua pampu umefika, hata kama inanguruma vizuri. Askari wanaijua kanuni hii. Silaha husafishwa kwa ratiba. Haisubiriwi mpaka ikatae kufyatuka.

Kosa jingine hufanywa na valvu. Pampu ikiwa kubwa kuliko haja, mhudumu huifunga valvu nusu ili maji yapungue. Ni sawa na dereva wa lori anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja: gari litakwenda pole, lakini mafuta yatakwisha vile vile. Zipo siku hizi mashine za kuibadili kasi ya mota, na sifa zake ni kubwa, kwa maana katika bomba lisilo na mlima, mwendo ukipunguzwa kwa moja ya tano, umeme unaotakiwa hushuka kufikia karibu nusu. Hata hivyo wauzaji wa mashine hizo husahau kusema kwamba pale penye mlima mrefu, kama Muyenga, faida hupungua sana. Mlima haupungui kwa sababu mota imepunguza mwendo. Pampu ikizungushwa pole kupita kiasi, haifiki juu kabisa. Katika mahali kama hapo yafaa zaidi kununua pampu ya kadiri tangu mwanzo, na kuiacha izunguke kwa kasi iliyoumbiwa.

Na ziwa lenyewe limekuwa na ushuru wake. Ghuba ya Murchison, ambamo Ggaba huvuta maji, hupokea pia maji machafu ya jiji yapitayo katika mfereji wa Nakivubo. Kadiri maji ya ghuba yanavyojaa ukungu wa kijani, ndivyo vichujio vinavyoziba upesi na kulazimika kuoshwa mara kwa mara, na kuviosha kunatumia maji safi yaliyokwisha kugharimiwa. Taka itupwayo mferejini Kampala hurudi kwa wakazi wake ndani ya hati ya maji.

SAA YA KUNUNUA

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Mteja wa nyumbani hulipa bei moja kwa yuniti, awashe taa saa mbili usiku au saa tisa alfajiri. Mteja mkubwa, kama mtambo wa maji, hana desturi hiyo. Kwake siku imegawanywa mafungu matatu. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni ni bei ya kati. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa sita usiku, wakati jiji zima limewasha taa, pasi na televisheni, ni bei ya juu. Na kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni bei nafuu. Yuniti ni ile ile, waya ni ule ule. Kilichobadilika ni saa.

Sababu haifichiki. Bwawa la Karuma katika mto Nile, lenye uwezo wa megawati 600, lilizinduliwa rasmi mwaka 2024, na uwezo wa mitambo yote ya Uganda ukapita megawati 2,000. Usiku wa manane watu wamelala na viwanda vingi vimepumzika, nao mto haulali. Umeme haulimbikizwi ghalani kama mahindi. Atakayeununua saa hizo anawafanyia hisani wazalishaji, nao humpunguzia bei.

Shirika la maji lina kitu ambacho viwanda vingi havina. Lina tangi. Umeme hauwekeki, lakini maji yanawekeka, na tangi lililojaa juu ya kilima ni umeme wa jana uliotulia ukingoja kuteremka. Likijazwa kwa bei ya saa nane usiku, maji yake yaweza kunywewa saa mbili jioni, saa ya bei ya juu, pampu zikiwa zimezimwa.

Ikielezwa hivyo, kazi huonekana rahisi: sukuma usiku, pumzika jioni. Lakini meneja wa mtambo ana maadui watatu, nao hawamwachii njia moja iliyonyooka.

Wa kwanza ni msuguano. Maji yapitayo katika bomba hujisugua ukutani mwake, na ukiyaongeza kasi mara mbili, hasara ya msuguano huzidi kama mara nne. Mtu atakaye kusukuma maji ya siku nzima katika saa sita za usiku atahitaji pampu nyingi mno na mabomba mapana mno, na faida ya bei nafuu itamezwa na bomba lenyewe. Kwa hakika, kusukuma pole kwa saa nyingi ndiko kunakotumia yuniti chache zaidi. Basi meneja huwa baina ya yuniti chache na yuniti rahisi, na hizo si kitu kimoja.

Wa pili ni tangi lenyewe. Jioni ni saa ambayo watu hurejea, hupika, huoga na kufua. Ili pampu zipumzike tangu saa kumi na mbili jioni, tangi lazima liwe limejaa saa hiyo, na liwe na kimo cha kutosheleza jioni nzima. Mji uliokua haraka kuliko matangi yake hauwezi kupumzika. Pampu hazina budi kuendelea katika saa zile zile za bei kali. Kwa hiyo fedha za kujenga tangi jipya si fedha za maji peke yake. Ni fedha za kununulia umeme rahisi kwa miaka thelathini ijayo, na mhasibu aliyeliandika tangi katika daftari la ujenzi pekee ameliona nusu.

Wa tatu ni kilele. Mteja mkubwa halipi kwa yuniti tu, bali pia kwa ule umeme mwingi kabisa aliouvuta kwa pamoja katika mwezi, hata kama aliuvuta kwa muda mfupi wa kama nusu saa. Hebu na tuchukue mtambo wenye pampu tatu za kilowati 200 zinazofanya kazi, na ya nne ya akiba. Zamu inapobadilishana, mhudumu aingiaye huwasha ile ya akiba kwanza, ilhali mwenzake anayetoka bado anazungumza langoni na hajazima yake. Pampu nne zimenguruma kwa pamoja kwa nusu saa. Mita imeandika kilowati 800 badala ya 600, na ada ya kilele ya mwezi mzima itafuata ile nusu saa. Hakuna kilichoharibika wala aliyeumia, na hata bosi hakusikia lolote mpaka hati ilipofika. Jambo kama hili haliponywi kwa mashine mpya. Huponywa kwa utaratibu wa kukabidhiana zamu, tena kwa maandishi, kama inavyofanywa katika chumba cha ulinzi.

Kuna na jambo la nne, dogo kidogo. Mota huvuta umeme fulani usiofanya kazi ya kuzungusha kitu, unaokwenda na kurudi katika waya kama povu juu ya bilauri ya bia: linajaza bilauri, lakini halikati kiu. Mafundi huupima kwa kile wakiitacho pawa fakta. Vyombo viitwavyo kapasita, vikiwekwa karibu na mota, hulipunguza povu hilo. Havina gharama kubwa vikilinganishwa na ada inayoepukwa.

Na siku umeme unapokatika, mtambo huendeshwa kwa jenereta za dizeli, ambazo yuniti yake hugharimu mara nyingi zaidi ya yuniti ya waya. Wakazi wa Kampala hawajasahau miaka ya 2005 na 2006, mvua zilipopungua, ziwa likashuka sana na mitambo ya Jinja ikakosa maji ya kutosha. Mitaa mingi ikakaa gizani kwa zamu na nchi ikakodi injini za dizeli. Ziwa lile lile lililopaswa kujaza mabomba ndilo lililopaswa kuzungusha mitambo. Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme katika sehemu kubwa ya nchi umo mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL, baada ya mkataba wa miaka 20 wa Umeme kumalizika. Shirika la maji na msambazaji wa umeme wakiwa wote mali ya umma, hakuna kizuizi cha maana cha kukaa meza moja na kuambiana mapema ni usiku gani waya utafanyiwa matengenezo, ili tangi lijazwe kabla.

MAJI YAPOTEAYO NJIANI

Yote yaliyosemwa hayafai kitu ikiwa maji, baada ya kupandishwa kwa gharama, yanamwagika mtaroni. Mwaka 1998 zaidi ya nusu ya maji yaliyotengenezwa na Shirika la Taifa la Maji hayakuleta hata senti moja. Ndipo mwaka 1999 ukaanzishwa mpango wa Siku 100, chini ya uongozi wa Dakta William Muhairwe, uliowadai wasimamizi wa kila mji watimize shabaha zilizoandikwa. Mipango mingine ikafuata, na miaka iliyofuata upotevu ukashuka mpaka karibu theluthi moja. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini theluthi moja bado ni nyingi, na mji wa Kampala una hali mbaya kuliko miji midogo.

Yafaa kutofautisha. Si maji yote yasiyolipiwa yamemwagika. Mengine yameibwa kwa bomba la kificho, na mengine yamepita katika mita zilizochoka zisizohesabu sawasawa. Hayo yamenywewa na mtu. Hasara yake ni ya fedha. Maji yavujayo ardhini ndiyo yaliyopoteza fedha, klorini na umeme kwa pamoja. Tundu la upana wa milimita 5, katika bomba lenye msukumo wa kawaida wa mtaa ulio chini ya tangi, laweza kutoa mita 30 za ujazo kwa siku. Ni jerikeni 1,500. Ikiwa maji hayo yalipandishwa mita 100, tundu moja linakula yuniti 12 kila siku. Na usiku, watu walalapo na mabomba yao kufungwa, msukumo huongezeka na tundu huvuja zaidi. Kwa hiyo saa zile zile za umeme rahisi ndizo saa za uvujaji mkubwa, mpaka ziwekwe valvu za kuupunguza msukumo mitaani.

KATIKA LAINI NA KAMBI

Kwa miaka mingi madeni ya maji ya idara za serikali, zikiwemo kambi za jeshi, polisi na magereza, yamekuwa mzigo kwa Shirika. Si kwamba askari hunywa kuliko raia. Nyumba nyingi za kambi hutumia mita moja ya langoni. Hakuna ajuaye amemwaga nani, na mabomba mengine yamelazwa tangu enzi za wakoloni. Deni likipanda, fungu la kambi hutumika kulipia maji yaliyokwenda shimoni, na matengenezo ya nyumba hungojea mwaka mwingine.

Mama wa nyumbani aweza kuanza bila fundi. Bomba lidondoshalo tone moja kila sekunde hujaza jerikeni moja ya lita 20 kwa siku; basi na aweke ndoo chini yake usiku mmoja, aone. Mpira mdogo wa bomba hununuliwa kwa bei ya vitafunio. Choo cha kuvuta huvuja kimya kimya: na amimine kikombe cha chai ya rangi iliyopoa ndani ya tangi lake, angoje nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana chini bakulini, kifuniko cha ndani kimechakaa.

Kwa kambi nzima, ofisa wa stoo au afande wa zamu anaweza kuisoma mita ya langoni saa nane usiku, na kuisoma tena saa tisa, wakati jiko limefungwa na jamaa wamelala. Namba iliyoongezeka katika saa hiyo ndiyo takribani uvujaji wenyewe. Azidishe kwa 24 apate wa siku. Kisha afunge valvu za safu za nyumba, moja baada ya nyingine, akiitazama mita. Safu ambayo ikifungwa mita husimama ndiyo ya kuchimbwa. Bomba likivuja barabarani, kabla ya kufika mitani, kazi ni ya Shirika na linapasa kuarifiwa siku ile ile. Likivuja ndani ya lango, hata kama ni nyuma ya jiko la mess, mita imekwisha kuyahesabu maji hayo, na koleo ni la kambi.